Mali bila daftari: Waskoti wametunza majina ya babu zao, sisi tunawangojea mchwa?

Muulize Mwafrika Mashariki yeyote jina la baba yake, atakujibu mara moja. Muulize jina la babu yake, atakujibu pia. Ukimuuliza jina la baba wa babu, wengi wataanza kukuna kichwa. Ukiendelea kuuliza huyo mzee alizaliwa kijiji gani, alioa mwaka gani, na mkewe alikuwa binti wa nani, hapo utakuta kimya. Haina maana kwamba hatuna jadi au hatuwapendi wazee wetu. Waliozijua habari hizo wamekwenda zao, na wengi walikwenda bila mtu kuandika walichokijua.

Sasa tazama Uskoti, nchi ndogo ya kaskazini mwa kisiwa cha Uingereza, yenye watu wanaokaribiana kwa idadi na wa Dar es Salaam. Huko mjukuu wa mchimba makaa ya mawe, wa mfuma nguo au wa mkulima aliyelima shamba la kukodi anaweza kuwafuata babu zake hadi miaka ya 1700, na wengine wakibahatika hufika miaka ya 1600. Sizungumzii wafalme na mabwana wenye ardhi, maana hao habari zao huandikwa kila mahali. Nazungumzia watu wa kawaida ambao hawakuacha kasri wala sanamu. Majina yao yamebaki kwa sababu karani wa kanisa la kijijini aliyaandika kwa wino, na kwa sababu baadaye serikali iliamua kwamba madaftari yale yasipotee.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa kawaida tunalitumia neno hilo kuwaonya wafanyabiashara. Mimi nadhani linahusu zaidi mali ambayo hainunuliki, yaani majina ya watu waliotuzaa. Katika makala haya nataka kueleza Waskoti walifanya nini, walikosea wapi, na kwa nini jambo hilo linatuhusu sisi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki kuliko tunavyodhani.

Tuanze na historia yenyewe. Mwaka 1552, kabla ya Matengenezo ya Kanisa kufika Uskoti, baraza la viongozi wa Kanisa Katoliki nchini humo liliagiza kila parokia iwe na daftari la ubatizo na la matangazo ya ndoa. Daftari la zamani kuliko yote lililobaki ni la parokia ya Errol, katika jimbo la Perthshire, na linaanzia mwaka 1553. Miaka michache baadaye, mwaka 1560, nchi ikageukia Uprotestanti, na Kanisa la Uskoti la Kipresbiteri likarithi kazi hiyo. Madaftari hayo, yanayojulikana kama Madaftari ya Kale ya Parokia, yaliendelea kuandikwa hadi mwaka 1854. Yaliyobaki ni takriban 3,500, kutoka parokia zipatazo 900.

Aliyeandika hakuwa mtaalamu wa historia. Alikuwa karani wa baraza la wazee wa kanisa, na mara nyingi karani huyo ndiye aliyekuwa mwalimu wa shule ya kijiji. Alilipwa ada ndogo kwa kila jina. Mtoto akibatizwa, karani mwangalifu aliandika tarehe, jina la mtoto, jina la baba, kazi yake, shamba au kijiji walikoishi, na majina ya mashahidi wawili. Karani mvivu aliandika jina la baba na la mtoto tu, akafunga daftari.

Kuna desturi moja ya Waskoti iliyowasaidia sana wazao wao. Mwanamke aliyeolewa hakupoteza jina la kwao katika maandishi. Karani aliandika mama wa mtoto kwa jina la ukoo wake wa kuzaliwa. Kwa hiyo mtafuta nasaba hufuata upande wa baba na upande wa mama pia. Sisi tunaojua kwamba mtoto ana ujombani na ubabani tutaelewa mara moja thamani ya jambo hilo.

Ndoa nazo ziliandikwa kwa njia yake. Kabla ya kufunga ndoa, majina ya bwana na bibi harusi yalitangazwa kanisani, kwa kawaida Jumapili tatu. Matangazo hayo ndiyo yaliyoandikwa, na kama wawili hao walitoka parokia mbili, jina lao linaweza kuonekana katika madaftari mawili. Mazishi yaliandikwa kwa uchache sana. Katika parokia nyingi kilichobaki ni hesabu ya fedha. Kanisa lilikuwa na kitambaa cha kufunikia jeneza, na wafiwa walikikodi. Karani akaandika nani amelipa na kiasi gani. Leo, miaka mia mbili na zaidi baadaye, malipo hayo ya kitambaa ndiyo ushahidi pekee kwamba mtu fulani aliishi na akafa.

Hayo ndiyo mazuri. Lakini yeyote anayedhani Waskoti walikuwa watu wa utaratibu usio na dosari, na asikie na haya.

Mwaka 1783 Bunge la London liliweka kodi ya senti tatu za wakati ule, pensi tatu, kwa kila ubatizo, ndoa na mazishi yatakayoandikwa daftarini. Mafukara walisamehewa, lakini masikini asiyehesabiwa fukara alitakiwa kulipa. Matokeo yake ni rahisi kuyakisia. Watu walibatiza watoto wao na kukwepa daftari. Kodi ilifutwa mwaka 1794, lakini miaka ile kumi na moja imeacha mapengo ambayo hakuna awezaye kuyajaza. Familia yenye watoto saba inaonekana kana kwamba ilikuwa na wanne.

Halafu kulikuwa na waliokuwa nje ya kanisa la taifa. Wakatoliki waliandika katika madaftari yao wenyewe, na mapadri wao mara nyingi kwa Kilatini. Madhehebu yaliyojitenga nayo yaliandika kwake. Mwaka 1843 takriban theluthi moja ya wachungaji wa Kanisa la Uskoti walitoka na kuanzisha Kanisa Huru, na waumini wengi wakawafuata. Anayetafuta babu aliyebatizwa mwaka 1850 na asimwone katika daftari la parokia asikate tamaa haraka. Huenda babu yule alibatizwa barabara ya pili, katika jengo jingine.

Huko nyanda za juu za kaskazini na visiwani hali ilikuwa mbaya zaidi. Watu walizungumza Kigaeli, parokia zilikuwa kubwa, njia zilikuwa mbaya, na baadhi ya parokia hazina daftari hata moja kabla ya karne ya 19 kuanza. Na huko ndiko walikoondolewa watu wengi kwenye ardhi ya mababu ili kupisha kondoo, wakaishia Kanada, Australia na katika viwanda vya Glasgow. Yaani waliotawanywa kwa wingi ndio hao hao walioandikwa kwa uchache. Jambo hilo tulishike, maana tutalirudia.

Mfano mzuri ni mtu tunayemjua hapa kwetu, David Livingstone. Alizaliwa mwaka 1813 Blantyre, karibu na Glasgow, na akaanza kazi katika kiwanda cha pamba akiwa mtoto. Familia yake ilikuwa imetoka Ulva, kisiwa kidogo cha magharibi. Katika kitabu chake cha mwaka 1857 anaeleza kwamba baba wa babu yake alikufa katika vita vya Culloden, vilivyopiganwa mwaka 1746, na kwamba babu yake aliweza kusimulia habari za ukoo wao kwa vizazi sita vilivyomtangulia. Vizazi sita kwa kichwa, bila karatasi! Hapo Mskoti wa kisiwani na mzee wa Unyamwezi au wa Buganda hawana tofauti. Lakini familia ikihama kwenda kiwandani, watoto wakisahau lugha na mzee akafa, masimulizi yale hukatika. Kinachobaki ni kile kilichoandikwa.

Mwaka 1854 ndipo lilipofanyika jambo ambalo mimi naliona ni kubwa kuliko yote. Bunge lilipitisha sheria ya kuandikisha vizazi, ndoa na vifo kwa lazima, na kuanzia tarehe 1 Januari 1855 kazi hiyo ikawa ya serikali, kwa watu wa dini zote. Watunga sheria wangeweza kusema: sasa tuna mfumo mpya, yale makaratasi ya kanisa ni ya zamani, yabaki huko huko. Hawakusema hivyo. Waliagiza madaftari ya kabla ya 1820 yapelekwe kwa Msajili Mkuu Edinburgh, na yale ya 1820 hadi 1854 yakae kwa wasajili wa mitaa kwa miaka 30, kisha nayo yafuate. Kwa neno moja, serikali ilikubali kwamba daftari la karani wa kijiji ni mali ya taifa.

Vyeti vipya navyo viliandikwa kwa akili. Cheti cha kifo cha Uskoti tangu mwaka 1855 kina nafasi ya jina la baba na la mama wa marehemu, pamoja na ukoo wa mama. Mzee aliyekufa mwaka 1860 akiwa na miaka 80 anatupeleka hadi kwa wazazi waliokuwa hai mwaka 1780. Sensa nazo zinasaidia. Ile ya 1851 iliandika parokia ambayo kila mtu alizaliwa. Ukiwa na jina la parokia na umri, unajua ni daftari gani la kufungua.

Kazi ya kutafuta basi huenda hivi. Unaanza na waliohai, unarudi nyuma hatua moja moja, wala huruki. Cheti cha babu kinakupa jina la baba yake, sensa inakupa parokia, daftari la parokia linakupa ubatizo. Hapo ndipo ugumu unapoanza, maana utakuta akina John Macdonald watano katika parokia moja, wote wa umri mmoja. Mtafutaji makini hutazama jina la shamba, hutazama mashahidi, hutazama majina ya watoto.

Na kuhusu majina ya watoto, wasomaji wa Kenya watatabasamu. Waskoti wengi walikuwa na utaratibu wa kumpa mtoto wa kwanza wa kiume jina la babu mzaa baba, na wa pili jina la babu mzaa mama. Binti wa kwanza alipewa jina la bibi mzaa mama, na wa pili la bibi mzaa baba. Wagikuyu wana utaratibu unaokaribiana sana na huo, tofauti ikiwa kwamba binti wa kwanza humwita bibi wa upande wa baba. Katika nchi zote mbili, jina la mtoto ni ramani ya ukoo kwa anayejua kuisoma.

Kuna pia kumbukumbu za baraza la wazee wa kanisa. Wazee hao walikuwa mahakama ya mtaa katika mambo ya maadili. Binti akipata mimba nje ya ndoa, aliitwa na kuulizwa baba wa mtoto ni nani, na jibu likaandikwa. Hata mshairi mkuu wa taifa, Robert Burns, aliyezaliwa Alloway tarehe 25 Januari 1759 na kubatizwa kesho yake, alisimamishwa mbele ya kanisa la Mauchline mwaka 1786 kwa sababu ya Jean Armour, aliyekuwa na mimba yake. Miaka miwili baadaye baraza hilo hilo liliikubali ndoa yao, na Burns akatoa fedha kwa ajili ya maskini wa parokia. Aibu ya wakati ule leo ni msaada kwa wajukuu, maana mara nyingi humo ndimo linamopatikana jina la baba ambalo daftari la ubatizo halina.

Leo picha za madaftari ya parokia zinasomeka kwa intaneti kupitia huduma ya serikali ya Uskoti iitwayo ScotlandsPeople, na tangu mwaka 2021 kumbukumbu nyingi za mabaraza ya wazee nazo zimewekwa humo. Anayetaka kuiona picha ya ukurasa wa ubatizo hulipa ada ndogo. Mjukuu aliye Toronto au Sydney hahitaji kupanda ndege kwenda Edinburgh kusoma jina la babu yake.

Msomaji atauliza: haya yote yanatuhusu nini? Yanatuhusu kwa sababu tatu.

Kwanza, na sisi madaftari tunayo. Wapo wanaodhani kwamba historia yetu yote ni ya masimulizi. Si kweli. Misheni ya Bagamoyo ilianza mwaka 1868, na watoto waliokombolewa utumwani walibatizwa huko. Rubaga, Wakatoliki wa kwanza wa Uganda walibatizwa Machi 1880, na Waanglikana wa kwanza wakafuata Machi 1882. Waskoti wenyewe walifungua misheni Kibwezi mwaka 1891, wakaihamishia Kikuyu mwaka 1898, wakaja na desturi ile ile ya wazee wa kanisa, karani na daftari. Kanisa la Presbyterian la Afrika Mashariki ni tunda la kazi hiyo. Tukiongeza makanisa ya Walutheri, Wamoravian, ofisi za makadhi, shajara za nasaba zilizohifadhiwa na familia za pwani kutoka Lamu hadi Kilwa, madaftari ya hospitali za misheni na ya shule za kwanza, tutaona kwamba kati ya vizazi vinne na vitano vya watu wetu vimeandikwa mahali fulani.

Swali ni mahali hapo pana hali gani. Aliyewahi kuomba cheti cha ubatizo katika parokia ya zamani anajua. Daftari hutolewa kabatini likiwa limefungwa kwa kamba, kurasa zimeliwa pembeni, wino umefifia, na hakuna nakala nyingine popote duniani. Mvua moja ya paa linalovuja, kichuguu kimoja cha mchwa, moto mmoja wa mshumaa, na watu elfu wanapotea kwa usiku mmoja. Uskoti nako panya na maji vilikula madaftari. Kilichosalia kilisalia kwa sababu mtu alikihamisha kwa wakati.

Pili, kwetu karatasi hizi si jambo la kujifurahisha siku ya mapumziko. Kwa wengi zinaamua mtu ni raia au si raia. Wamakonde waliovuka kutoka Msumbiji na kukaa pwani ya Kenya kwa miongo mingi walizaa, wakazeeka na wakazikana huko bila vitambulisho. Bila kitambulisho huwezi kufungua akaunti benki, huwezi kusajili laini ya simu kwa jina lako, na huwezi kumiliki shamba kisheria. Ilibidi mwaka 2016 waandamane kwa miguu kutoka Kwale hadi Nairobi ndipo wakasikilizwa, na mwanzoni mwa mwaka 2017 wakaanza kupokea vitambulisho. Jamii ya Washona wa Kenya, waliotoka kusini mwa Afrika miaka ya 1960, nao walisubiri hadi juzi juzi tu. Watu hao walikuwa wameishi mbele ya macho ya majirani muda wote. Kilichokosekana ni ushahidi ambao ofisi inaukubali.

Linganisha na hili. Raia wa nchi ya Jumuiya ya Madola ambaye babu au bibi yake mmoja alizaliwa Uingereza anaweza kuomba viza ya nasaba, itakayomruhusu kuishi na kufanya kazi huko kwa miaka mitano. Anachotakiwa kuonyesha ni vyeti vinavyomfungamanisha na mzee huyo. Kwa mjukuu wa Mskoti aliyeko Afrika Kusini, cheti hicho kinatafutwa na kuagizwa kwa simu. Kwa mjukuu wa mtu wa Kigoma aliyeko Bujumbura, hata akitaka kujua tu babu yake alibatizwa parokia gani, itambidi apande basi, na akifika aombe Mungu karani awepo.

Tatu, familia zetu zimevuka mipaka. Hapa ndipo lile la Waskoti wa visiwani linaporudi. Waliotawanyika ndio wenye maandishi machache, na ndio wanaoyahitaji zaidi. Wajaluo wako Kenya, Uganda na Tanzania. Wamasai na Wakuria wamegawanywa na mstari uliochorwa na watu ambao hawakuwauliza. Wanyarwanda wako Uganda na Kongo tangu kabla ya ukoloni na baada yake, kwa ajira, kwa ndoa na kwa ukimbizi. Babu aliyezaliwa Bukoba, akabatizwa Masaka na kuzikwa Kisumu hana nyumba katika hifadhi ya nyaraka ya nchi moja. Kila nchi ikihifadhi peke yake, kila moja itashika kipande cha mtu.

Jumuiya yetu imefanya mengi tangu mkataba wake uliposainiwa mwaka 1999. Tuna Itifaki ya Soko la Pamoja iliyoanza kutumika mwaka 2010. Tangu mwaka 2014 raia wa Kenya, Uganda na Rwanda wanavuka mipaka yao kwa vitambulisho vya taifa. Sasa tuko nchi nane. Tunazungumza sana kuhusu reli, bandari na ushuru, na ni haki kuzungumza. Lakini undugu tunaouhubiri kwenye majukwaa umeandikwa tayari katika madaftari ya parokia na ya kadhi, kwa majina na tarehe, na hatuna hata orodha ya mahali yalipo.

Najua yapo mapingamizi, na mengine ni mazito.

Lililo zito kuliko yote linatoka Rwanda. Wakoloni wa Kibelgiji waliandika kabila la mtu katika kitambulisho miaka ya 1930, na mwaka 1994 karatasi hiyo ilitumika vizuizini kuchagua nani afe. Mtu anayesema kwamba kumbukumbu za nasaba zinaweza kuua hasemi upuuzi, na sina haki ya kumjibu kwa haraka. Ninachosema ni kwamba daftari la kumwonyesha mtu ametokana na nani ni kitu kimoja, na kadi ya kumpachika mtu mwenyewe kabila machoni pa askari ni kitu kingine. Orodha ya pamoja ya Jumuiya inaweza kuwa na jina, mwaka, mahali na wazazi, na isiwe na safu ya kabila hata kidogo. Na kama jamii fulani inaona jeraha bado ni bichi, isubiriwe. Picha zihifadhiwe, zisifunguliwe.

Pingamizi la pili ni siri za watu. Mtoto wa nje, ndoa iliyovunjika, mzee aliyekuwa mtumwa: kuna familia ambazo hazitaki hayo yasomwe. Waskoti nao wana jibu lao. Kwa huduma ile ya intaneti, picha za vyeti vya kuzaliwa hazionyeshwi mpaka miaka 100 ipite, za ndoa miaka 75 na za vifo miaka 50. Sensa hufungwa miaka 100. Waliohai wanalindwa, na waliokufa zamani wanarudishwa kwa wazao wao. Tunaweza kuweka muda mrefu zaidi tukipenda, lakini muda uwepo na ujulikane.

Pingamizi la tatu ni la umiliki. Madaftari ni ya makanisa na ya misikiti, na viongozi wa dini wana haki ya kuwa na wasiwasi serikali ikija na magari kuyabeba. Lakini mwaka 1855 hakukuwa na kamera ya mkononi. Leo ipo, na daftari halina haja ya kuondoka kabatini. Litapigwa picha mbele ya karani wake, picha moja ibaki parokiani, nyingine iende hifadhi ya taifa.

Pingamizi la nne ni fedha. Kupiga picha kurasa kunahitaji vijana wenye subira, simu nzuri, meza yenye mwanga na mtu wa kuandika majina. Vyuo vyetu vina wanafunzi wa historia na wa ukutubi wanaotafuta mahali pa kufanyia mazoezi kila mwaka. Anza na madaftari ya kabla ya mwaka 1920 tu, parokia kwa parokia, wilaya kwa wilaya. Hiyo si kazi ya kungoja mkopo kutoka nje.

Kwa hiyo napendekeza mambo matatu. Kwanza, mawaziri wanaohusika na nyaraka katika nchi zote nane wakubaliane kufanya hesabu moja: ni madaftari gani yapo, ya miaka gani, na yako kwa nani. Pili, makanisa na ofisi za makadhi zipewe msaada wa kuyapiga picha, na zibaki na mamlaka juu yake. Tatu, orodha ya majina iwe moja kwa Jumuiya nzima, kwa Kiswahili, ili aliye Goma aweze kumtafuta shangazi wa bibi yake Tabora bila kuhitaji mkalimani.

Kanuni zisisahau kodi ile ya pensi tatu. Watu wakitozwa ili waandikwe, hawataandikwa. Leo hii akina mama wanaojifungulia nyumbani vijijini, kisha wakaambiwa walipe ada ya kuchelewa kuandikisha mtoto, wanafanya alichofanya Mskoti wa mwaka 1785. Wanarudi nyumbani bila cheti, na pengo linaanza upya.

Wakati tunasubiri mawaziri, kuna yaliyo mikononi mwetu. Mwaka huu ukienda kijijini, chukua daftari la shule la kurasa mia. Keti na mzee aliyebaki, andika jina la babu, la bibi, ukoo wa bibi, kijiji, na mwaka kwa kukadiria kutokana na njaa au vita anavyovikumbuka. Andika na majina ya mashahidi, yaani nani mwingine anayejua. Kisha siku ya ibada umfuate katibu wa parokia au imamu, umwombe akuonyeshe daftari la kwanza kabisa la mahali pale. Ukilikuta lipo, mwombe ruhusa ulipige picha. Ukiambiwa liliharibika, muulize la pili liko wapi, na lina paa la namna gani juu yake.